Shamba la Bibi Lililohamia Ethiopia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zuhura alifagia uwanja, aliosha vyombo vya jana na kuwasha mkaa wa pasi. Mama yake, Bi Zabibu, alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Lizaboni, na kazi ya nusunusu ilimkera kuliko chochote.

"Umefagia nyuma ya choo?" aliuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Nimefagia, mama."

"Nikienda kuangalia sasa hivi, nitakuta pamefagiwa?"

Zuhura aliokota ufagio akarudi nyuma ya choo.

Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Songea ilikuwa imekolea. Zuhura alivaa sweta, akashika njia ya kwenda shuleni Ruhuwiko. Ilikuwa Jumatano, siku aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu vipindi vikiisha wanafunzi wachache hubaki na Mwalimu Amedeus kuandika kwenye blogu ya shule.

Blogu ni kama ubao wa matangazo ulioko kwenye intaneti: andiko jipya hukaa juu, la zamani hushuka chini. Wanafunzi waliandika habari za mashamba, mvua na magonjwa ya mimea. Programu waliyotumia ilikuwa ya kizamani, ya nyakati zile blogu zilipoanza. Haikuwa na mapambo yoyote. Hata mahali habari ilipotokea, mwandishi alipaandika mwenyewe kwa tarakimu, latitudo na longitudo, ndipo nukta nyekundu ikatokea kwenye ramani.

"Mwalimu, si tungetumia ya kisasa inayojijazia yenyewe?" aliuliza Saleh, mvulana mwenye mdomo mwepesi kuliko wote darasani.

"Ya kisasa itakujazia, na wewe hutajua imejaza nini," alijibu Mwalimu Amedeus. "Watu wa mwanzo walioandika blogu walikuwa na hamu ya kujua nani mwingine anaandika karibu nao. Wakaweka namba za mahali walipo, kila mtu kwenye blogu yake. Mgeni akifungua orodha ya blogu hizo, anaona: kumbe ng'ambo ya mto wetu kuna mwandishi!"

Kisha akawaeleza juu ya mlisho. "Msidhani msomaji lazima aje kwetu ndipo asome. Blogu yetu inatoa mlisho. Andiko jipya likitoka, programu za wasomaji hupita, huchukua nakala, huondoka nayo."

"Hata tukiwa tumelala?"

"Hata sasa hivi unavyoniuliza."

 Zuhura aliutazama waya mweusi uliotoka nyuma ya kompyuta, ukapita kwenye tundu la dirisha na kupanda hadi kwenye mnara mdogo juu ya bati. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko kamba ya kuanikia nguo. Maneno yao yote yalipita humo, yakaenda duniani. 

Siku ile alikuwa na habari nzito. Likizo ya mwezi wa sita aliimaliza Namasakata, wilayani Tunduru, kwa Bibi Mwanahawa, mama mzazi wa mama yake. Huko aliona jambo lililomtisha. Machipukizi ya maua ya mikorosho yalikuwa na vumbi jeupe, kama vile mtu amepita akichekecha unga wa muhogo juu yake.

"Huo ni ubwiriunga, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Ua likishikwa nao hukauka. Ua likikauka, korosho utaitoa wapi?"

Zuhura alijua dawa yake. Bwana Polikarp, bwana shamba wa upande ule, alizunguka vijijini na mashine ya kupulizia salfa. Mashine ilikuwa moja na vijiji vingi. Kwa hiyo alisoma mlisho wa blogu ya shule kwenye simu yake, na palipotokea nukta mpya ya ubwiriunga, ndipo alipopanga kwenda mapema.

"Basi andika, mwanangu," bibi alisema. "Huyo bwana shamba ajue na mimi nipo."

Mjomba Daimu alifungua simu yake katikati ya mikorosho, akamsomea Zuhura namba za mahali pale. Kila namba ilifuatwa na herufi: moja ya kusini, nyingine ya mashariki. Zuhura alizinakili zote.

Sasa alikaa mbele ya kompyuta, akaandika habari vizuri kabisa, akajaza tarakimu. Nje, wenzake walikuwa wameanza kucheza rede, wakimwita kwa vifijo.

Mwalimu Amedeus alikuwa na sheria moja: kabla ya kuchapisha, fungua ramani, itazame nukta kwa macho yako.

"Zuhura, umeiangalia nukta?"

"Nimeiangalia, mwalimu."

Hakuwa ameiangalia. Alibofya, andiko likatoka, akakimbilia kwenye rede.

Jumapili iliyofuata bibi alipiga simu. Zuhura alimwamkia, bibi akaitikia "marahaba" kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Mashine imepita kijiji cha jirani, ikavuka kwetu bila kusimama. Ulimwandikia kweli yule bwana?"

"Nilimwandikia, bibi."

"Basi tungoje. Inshallah atarudi."

Zuhura alikosa raha. Jumatatu aliomba ufunguo wa chumba cha kompyuta, akafungua ramani peke yake. Alitazama Tunduru. Hapakuwa na nukta yake. Alitazama Ruvuma yote. Nukta za wenzake zilikuwepo, yake haikuwepo. Akaanza kuisogeza ramani kwenda juu: Morogoro, Kilimanjaro, Kenya. Mstari wa ikweta ukapita.  Ndipo akaiona nukta nyekundu imetulia katika milima ya Ethiopia, kusini kidogo ya ziwa kubwa.

 Shamba la bibi, na mikorosho yake, na njia ya kwendea kisimani, vyote vilikuwa kule! Ndipo akakumbuka. Mwalimu aliwafundisha kwamba programu yao haijui herufi ya kusini. Nchi iliyo kusini mwa ikweta huwekewa alama ya kutoa mbele ya latitudo. Yeye aliiacha. Kale kakistari kadogo, kafupi kuliko ukucha, kalikuwa kamebeba shamba zima na kulivusha nusu ya Afrika.

Aliongeza alama. Nukta ikaruka ikatua Namasakata. Zuhura alishusha pumzi, akafunga chumba, akarudisha ufunguo. Hakumwambia mtu. Alidhani mambo yamekwisha.

Bwana Polikarp hakuja. Jumanne jioni bibi alipiga simu tena, akazungumza na mama. Maua ya mikorosho iliyo kando ya njia yalikuwa yamekwisha kuwa meusi.

Jumatano Mwalimu Amedeus aliingia darasani akicheka. "Tumepata mgeni! Mwalimu mmoja anaitwa Tadele ametuandikia kutoka Ethiopia." Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, akawatafsiria: "Rafiki zangu, programu yangu hunionyesha kila blogu inayoandika karibu na kijiji changu. Wiki iliyopita iliniletea habari za shamba la mikorosho nyuma ya kilima chetu. Nimepanda kilima kuitafuta. Hapa tuna ngano, tuna ng'ombe, mkorosho sijauona. Je, mmepotea?"

Darasa zima liliangua kicheko.

"Mwalimu, aliyepotea ni yeye!" Saleh alisema. "Mwambie avae miwani!"

Mwalimu alifungua ramani, akakunja uso. "Ajabu. Kwetu nukta ipo Namasakata, sawasawa kabisa. Basi programu yake ndiyo mbovu. Nitamjibu kwamba kosa ni la kwake."

Akaanza kuandika. Zuhura aliisikia mibofyo ya kibodi moja moja, kama mtu anayegonga mlango. Angenyamaza, asingejulikana. Lakini mzee wa watu alikuwa amepanda kilima kwa miguu yake. Na kule Namasakata bibi alikuwa akiangalia njia, akingoja mashine.

Alisimama. "Mwalimu, usimjibu hivyo. Hajakosea. Mimi ndiye."

Alieleza yote: alama aliyoiacha, uongo wa "nimeiangalia", na jinsi alivyorekebisha kimyakimya siku ya Jumatatu. Hakuna aliyecheka, hata Saleh.

"Lakini nilirekebisha, mwalimu," alimalizia huku machozi yakimlengalenga. "Mbona yeye bado anaiona kwao? Na mbona bwana shamba haji?"

Mwalimu Amedeus alikaa juu ya dawati. "Nilisema mlisho hufanya nini?"

"Programu huja, huchukua nakala, huondoka nayo."

"Sasa uliporekebisha hapa, ulirekebisha na kule?"

 Zuhura alianza kuiona picha yote: nakala za andiko lake zimetapakaa, moja katika simu ya Bwana Polikarp, nyingine Ethiopia, nyingine kwa watu asiowajua wala hatawajua, na kila moja imebeba kosa lake vilevile lilivyotoka.

"Ukirekebisha hapa peke yake," mwalimu aliendelea, "programu nyingi husema: hili nimekwisha kulichukua, silitaki tena. Wasomaji watapata habari kwa andiko jipya tu."

"Kwa hiyo niandike andiko jipya la kusema nilikosea?"

"Ndiyo."

"Watu wote walisome?"

"Walewale waliosoma la kwanza."

Mwalimu alimpigia simu Bwana Polikarp pale pale. Sauti yake ilisikika darasani: "Namasakata? Kwangu hakuna nukta Namasakata, mwalimu. Ningeiona ningesimama, nilipita karibu kabisa! Sasa nipo mbali, nitageuza kesho asubuhi."

Zuhura aliketi, akaandika:

"Masahihisho. Habari yetu ya ubwiriunga wiki iliyopita ilionyesha Ethiopia. Mahali pa kweli ni Namasakata, Tunduru. Niliacha alama ya kutoa, na nilisema nimeangalia ramani wakati sikuangalia. Naomba radhi kwa Bwana Polikarp, kwa Mwalimu Tadele aliyepanda kilima bure, na kwa bibi yangu. Zuhura."

Mara hii alifungua ramani. Aliitazama nukta, akaikuza mpaka akaona njia ya kwendea kisimani. Ndipo akabofya.

"Inakwenda," Saleh alinong'ona akiutazama waya mweusi dirishani, kana kwamba angeweza kuyaona maneno yakipita.

Siku iliyofuata mashine ilinguruma katika shamba la Bibi Mwanahawa. Mikorosho ya kando ya njia ilikuwa imechelewewa. Mwaka ule haikuzaa. Ya upande wa bondeni iliwahiwa. "Alhamdulillahi," bibi alisema kwenye simu. "Nusu shari. Na huyo mtu wa Ethiopia mpe salamu zangu, mwambie karibu ale korosho za kweli."

Mwalimu Tadele naye alijibu. Hakukasirika. Aliandika kwamba ameangalia ramani na kuona kuwa kijiji chake na Namasakata vimesimama kwenye mstari mmoja, kimoja kaskazini, kingine kusini, kwa hiyo adhuhuri inafika pande zote mbili wakati uleule. Na kwao pia saa ya kwanza ya mchana huanza jua likichomoza, kama kwa Waswahili. "Ikifika saa sita mchana," aliandika, "nitawakumbuka."

Zuhura alimsomea mama yake maneno hayo. Bi Zabibu alisimamisha cherehani, jambo lisilotokea mara nyingi, akatazama jua mlangoni.

"Saa sita moja, huku na huko," alisema taratibu. "Haya, kubwa hilo." Kisha akamgeukia binti yake. "Sasa nisikilize. Kuacha alama ni kukosea, na kila mtu hukosea. Lakini ulisema umeangalia na hukuangalia. Hapo ndipo bibi yako alipopoteza maua. Halafu ukarekebisha kimyakimya, ukaongeza siku nyingine. Kosa likishatoka mlangoni, ukweli lazima utoke kwa mlango uleule na ulifuate hadi lilikofika. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Vizuri. Umefagia nyuma ya choo?"

 Zuhura alitoka, akazunguka nyumba, akatazama kwa macho yake, kisha akarudi.

"Bado majani kidogo kwenye kona, mama. Namalizia sasa hivi."

Bi Zabibu aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akakanyaga cherehani.