Mtoto Asiyetumwa

"Weka chini hilo debe."

"Nimeshajitwika, Mama Sesilia."

"Nimesema weka chini. Watu wanakuona."

"Waone. Kwani nimeiba maji?"

Marselino alisimama katikati ya uwanja, debe la maji kichwani, shingo kaikaza. Mama Sesilia, jina lake hasa Rosalia, akamfuata akalishika debe kwa mikono miwili. Huyu akavuta, yule akavuta. Maji yakamwagika yakawalowesha wote wawili. Jirani yao, Mama Tunu, aliacha kupepeta mchele akawa anatazama.

Ungepita njiani ukasikia kelele zile, ungesema kijana mvivu anagombezwa. Wala. Marselino alikuwa anagombezwa kwa sababu alitaka kufanya kazi.

Rosalia akamkumbusha, tena kwa sauti ya juu, kwamba kashamwambia mara mia. Katika nyumba ile yeye hachoti maji, hapasui kuni, hafagii. Maji ni ya Sesilia. Kuni ni za Benedikto, ndugu yake. Yeye ale, apumzike.

"Nipumzike nini?" Marselino akauliza. "Mie nimechoka na nini?"

Sesilia, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa kaegemea ukuta. "Bwana Shauri kaamka," akasema, kama anayemtangaza mkubwa wa serikali. "Mleteeni kiti."

Mama yake akamwambia afunge mdomo, achukue debe, arudi kisimani. Sesilia akalichukua huku anamkata Marselino jicho. Maji yamemwagwa na wengine, safari ya pili ni yake.

Marselino aliwapa mgongo. Akapita ndani, akatokea mlango wa mbele, akauacha wazi. Alikuwa anauacha wazi kila siku na hakuna aliyemwambia neno. Angekuwa Sesilia angeitwa arudi aufunge, na masimango juu, maana kuku wa Mama Tunu hawana adabu. Lakini kwa Marselino, Rosalia alikwenda mwenyewe, akaufunga polepole.

Sasa tuseme Marselino ni nani. Alikuwa na miaka kumi na tano. Mama yake alikufa yeye hajajua hata kutembea. Baba yake alikuja naye Dar es Salaam kutoka Kusini, akapata kazi ya ukuli bandarini, mpaka kifua kikamlaza, kisha kikamwua. Jumapili iliyofuata padri aliwauliza watu baada ya misa: nani atamchukua mtoto huyu? Watu wakatazama chini. Anselmo, kuli mwenzake marehemu, akainua mkono. Mkewe Rosalia akainua wa kwake.

Rosalia hakuwa mtu mbaya, tena alikuwa mwema kupita kiasi, na shida ilianzia hapo. Utotoni, huko kwao Kusini, alimwona binti yatima nyumbani kwa mjomba wake. Binti yule alitwanga yeye, alichota yeye, akalala jikoni na majivu. Alipokufa, sanda yake iliazimwa. Rosalia hakusahau. Siku Marselino alipoingia na kijifurushi chake, aliapa kwamba yatima wa kwake hatashika hata ufagio.

Akatoa sandukuni sahani yenye maua, ile ya kumpakulia padri anapokuja. Ikawa sahani ya Marselino. Wenzake walikula sinia moja, mikono inagongana, wanagombea kichwa cha samaki. Yeye alikaa kwenye kigoda, sahani ya padri magotini, samaki mzima mbele yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Miezi minane alikula hivyo. Alisikia wenzake wanacheka pale kwenye sinia, naye anahesabu maua ya sahani. Yalikuwa kumi na moja.

Asubuhi ile ya debe, alikwenda mpaka Mtoni, karibu na barabara ya Kilwa. Chini ya mkorosho pale walikaaga vijana wasio na kazi, wanacheza karata za kamari. Mkubwa wao aliitwa Marijani. Marselino alikuwa keshamzoea. Siku ya kwanza kabisa Marijani alimwambia, "Dogo, kaninunulie sigara." Wewe ungesema kaonewa. Marselino alikimbia dukani kama aliyepewa zawadi. Siku ya pili alitumwa kuangalia njia, akiona askari apige mluzi. Akasimama pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri na jua lote, hakukaa hata mara moja.

Leo Marijani alimvuta pembeni. "Kesho nina kazi na wewe," akasema. "Lile duka la kona lina dirisha dogo nyuma. Sie wote hatupiti. Wewe mwembamba utapita."

"Mie?"

"Wewe. Bila wewe haiwezekani."

Marselino alijua huo ni wizi. Amri za Mungu alizisoma, hakuwa mjinga. Lakini lile neno, bila wewe, lilimkaa kifuani kama uji wa moto kwa mtu mwenye njaa. Tangu baba yake afe hakuna aliyemwambia hivyo. Akakubali kwa kichwa.

Hata hawajarudi kwenye karata, askari wawili wakatokea. Marijani na wenzake wakapotelea kwenye mihogo. Marselino alichelewa, akashikwa ukosi.

Siku zile za Waingereza, vijana wasio na kazi walikuwa wanakamatwa mjini wanarudishwa makwao. Mtu mzima aliulizwa stakabadhi ya kodi. Kijana aliulizwa maneno machache tu, na mwenye jibu alijiendea zake.

"Kwenu wapi?" askari akauliza.

Marselino akafikiri. Kusini hakukijua hata kijiji. Temeke analala, lakini ni kwao? Akachimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Haya. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Umri huu, saa hizi za asubuhi, hujatumwa na mtu?"

"Sijatumwa na mtu," Marselino akasema.

Askari wakatazamana. Wakamwambia atangulie.

Mbele kidogo wakakutana na mkokoteni wa mbao. Aliyeusukuma ni Nikodemu, mwalimu wa dini wa kanisa lao, tena fundi seremala. Nyuma ya kanisa alikuwa na kibanda anafundisha vijana ufundi. Nikodemu akasimama, akafuta jasho, akawaamkia askari. Akasema kijana yule anamjua, ni mtoto wa Anselmo wa Temeke, anasali kwao.

"Kama ana kwao, mbona hakusema?" yule askari akauliza.

Nikodemu akamgeukia Marselino. Akamtazama usoni. Askari wakamwachia, wakamwonya wasimkute tena mkoroshoni.

Marselino akangoja mahubiri. Badala yake Nikodemu akamwonyesha mkokoteni. "Mgongo wangu umekufa," akasema. "Sukuma."

Akausukuma kutoka Mtoni mpaka Temeke, kwenye mchanga, gurudumu moja linalia njia nzima. Viganja vikatoka malengelenge. Hakutaka kupokewa.

Rosalia alikuwa mlangoni. Alipomwona kijana kalowa jasho nyuma ya shehena ya mbao, akatoka kama nyuki kachokozwa. Akamwambia Nikodemu haya kweli hana, mwalimu mzima wa dini anamgeuza yatima wa Mungu punda wake. Mumewe, Anselmo, aliyekuwa katoka zamu mapema, akajaribu kumtuliza, akaambiwa na yeye anyamaze. Mama Tunu akaacha mchele tena.

Nikodemu alimngoja mpaka apumue. Kisha akakaa kizingitini.

"Mama Sesilia, nimemtoa mikononi mwa askari," akasema. "Waliuliza katumwa na nani. Hakuwa na jibu."

Rosalia akashusha mikono. Nikodemu akamweleza yote aliyoambiwa njiani, mkorosho, karata, Marijani. Dirisha la duka alilieleza Marselino mwenyewe, macho chini.

"Umekosa nini humu ndani?" Rosalia akauliza, na sasa alikuwa karibu kulia. "Samaki mzima nakupa. Nimekutuma lini? Nimekupiga lini?"

Marselino akachunguza malengelenge yake.

"Baba alikuwaga ananituma," akasema mwisho. "Tangu amekufa sijatumwa na mtu. Ila Marijani."

Sesilia, aliyekuwa kasharudi kisimani, akatua debe taratibu. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Nikodemu akasema. "Sie sote tunaijua. Huyu mmemweka mgeni miezi minane. Mgeni anapendwa, Mama Sesilia, lakini anajua ataondoka."

Akasimulia habari zake, maana na yeye alikulia yatima, kwa masista wa misheni. Walikuwa watoto arobaini, na kila mmoja alikuwa na tuta lake la mchicha. "Nikaugua homa," akasema. "Wenzangu wakaja dirishani kuniuliza tuta langu atalimwagilia nani. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikifa, nitakosekana."

"Nami niliogopa," Rosalia akasema. "Nilimwona yule binti wa kwetu. Niliogopa nisije nikawa kama mjomba."

"Uliogopa vema. Kazi inaweza kuwa utumwa, kweli. Lakini kipimo unacho, ni hao watoto wako. Afanye anachofanya Sesilia, wala si zaidi. Ale pale anapokula Sesilia. Akikosea, mgombeze kama unavyomgombeza Sesilia. Afundishwe kazi ya mkono, nami nitamfundisha, aje aoe aweke nyumba yake. Na baba yake mtajeni humu ndani. Msimfiche kama aibu."

"Mie niliona," Anselmo akasema taratibu. "Niliona anakula peke yake. Nikanyamaza, nikidhani ndio heshima."

Rosalia akajipangusa uso kwa upindo wa kanga. Akatazama huku na huku, kama mtu aliyepoteza kitu. Mwisho akamgeukia Marselino.

"Nenda kwa Mama Tunu," akasema. "Mwambie anisaidie chumvi."

Mama Tunu alikuwa hatua kumi, tena kasikia kila neno. Chumvi alikuwa keshaifunga kwenye karatasi. Lakini Marselino alikwenda mbio, akarudi mbio, karatasi ikatoboka, na nusu ya chumvi ikabaki njiani. Rosalia akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Nikodemu. Nikodemu akatazama kuku.

"Chumvi yote umeimwaga," Rosalia akasema. "Macho yako yalikuwa wapi?"

Marselino akainamisha kichwa. Alikuwa anacheka, na hakutaka waone.

Mchana ule sahani yenye maua ilirudi sandukuni kumngoja padri. Benedikto akasogea huku, Sesilia akasogea kule, pakapatikana nafasi kwenye sinia. Kichwa cha samaki alikichukua Sesilia kabla ya mtu yeyote kunawa vizuri.

Tusidanganyane. Upweke hautoki siku moja. Zipo asubuhi Marselino aliamka akidhani anasikia kikohozi cha baba yake, akalala akiutazama ukuta. Jumapili moja Rosalia alimpa jembe akamwambia akapalilie kaburi la baba yake, kisha akawaambia Sesilia na Benedikto wafuatane naye. Walipalilia watatu. Benedikto aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na Marselino akaongea njia nzima ya kurudi.

Kibandani kwa Nikodemu walikuwa vijana wanne, wawili kati yao walitoka mkoroshoni vilevile. Walianza kwa kufagia maranda, kisha kunoa, kisha kupiga randa. Mbao za kwanza za Marselino zilitoka kama mawimbi. Nikodemu akampa nyingine. Wiki ileile dirisha la nyuma la duka la kona lilivunjwa, na mtoto mwembamba akakamatwa ndani. Marselino alimjua. Siku ile hakula. Kesho yake alimwuliza Nikodemu kama kibandani kuna nafasi ya mmoja zaidi, mtoto akishaachiwa. Nikodemu akasema nafasi hutafutwa.

Miezi sita ikapita. Ungepita tena njia ile asubuhi, kelele ungezisikia vilevile.

"Zamu yako," Sesilia anasema.

"Yangu ilikuwa jana."

"Jana ulichota nusu debe. Hiyo nayo zamu?"

"Nusu iliyobaki si uliinywa wewe?"

"Nyie wawili," Rosalia akapaza sauti kutoka jikoni, "mtanitoa roho. Marselino, chukua debe. Ukitoka kisimani pitia kwa Mwalimu Nikodemu, umwulize kigoda changu kimefika wapi."

"Kigoda nakitengeneza mimi, mama. Bado mguu mmoja."

"Basi jiulize mwenyewe njiani, unijibu ukirudi. Toka. Na huo mlango, kuku wa Mama Tunu."

Marselino akajitwika debe tupu, akanung'unika kidogo, kama inavyotakiwa. Nje jua lilikuwa linapanda, na njia ya kisimani ilikuwa ndefu. Askari wangemkuta huko, jibu alikuwa nalo.

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga.