Sahani ya Mgeni wa Mama Perez

Saa kumi na mbili jioni Aluoch alifunga duka lake la dawa, akanunua maziwa na betri, akashika njia ya Kapsoya kwa mama yake.

Hakuwa na wasiwasi. Vile vidude alivyobandika ukutani na kwenye friji vilimletea habari zote kwenye simu: friji imefunguliwa mara tatu, mtu ametembea jikoni. Mama Perez alikuwa amesahau hata majina ya wanawe, lakini simu ilisema anakula. Basi kila Jumapili Aluoch aliacha chakula cha wiki, akamsalimia mama akiwa amejifunika blanketi hadi kidevuni kwa ile baridi, akakimbilia shughuli zake. Uvivu ukivaa miwani huitwa teknolojia.

Alifungua mlango. Harufu ikamkaba.

Haikuwa ya choo, wala ya panya. Ilikuwa harufu ya mate yaliyolala.

"Mama?"

"Polepole," sauti ilinong'ona chumbani. "Anakula."

Aluoch alifunua blanketi. Miguu ya mama ilikuwa myembamba kama mwiko. Mbavu zilihesabika. Mama yake alikuwa anakufa njaa, na simu inasema ameshiba.

Chini ya kitanda kitu kililamba... kikalamba... kikanyamaza.

Aliinama, akavuta sahani. Ugali na omena wa Jumapili, vimetafunwa vikatemwa, vimetafunwa tena. Juu yake ute mzito, wa uvuguvugu, na nywele nyeupe ndefu. Mama alikuwa na kipara. Aluoch alitapika hapo hapo.

"Nani amekula hii?"

"Mgeni. Alipiga hodi, nikamkaribisha. Kwangu mgeni halali njaa."

Simu ikalia mfukoni. *Jikoni: mtu ametembea.*

Wote wawili walikuwa chumbani.

Aluoch alichukua sahani. Mama akamshika mkono kwa vidole vya mifupa. "Usioshe, nyara, binti yangu. Mwenye kuosha ndiye mwenye mgeni."

Lakini mtu wa dawa na uchafu hawakai chumba kimoja. Alienda jikoni. Hakukuta mtu, ila sakafu ilikuwa imelowa ute. Alisugua sahani kwa sabuni na maji moto hadi ikang'aa. Nyuma ya shingo yake kitu kilipumua, pumzi moto yenye harufu ya omena iliyooza.

Chumbani mama alikuwa analia taratibu. "Asante, nyara. Nilikuwa nimechoka."

Jioni hiyo hiyo alimhamishia mama nyumbani kwake. Mama alikula ugali sahani tatu. Aluoch alilia kwa furaha.

Leo ni mwezi mmoja tangu jioni ile. Mama Perez amenawiri, mashavu yamerudi. Aluoch amefunga sketi kwa pini mbili. "Umekatika vipoa, sister," mteja mmoja alimwambia. "Unatumia dawa gani?" Aluoch akacheka, akamhesabia chenji. Kila jioni huandaa sahani mbili, ya mama na yake, na kila asubuhi huivuta yake chini ya kitanda chake mwenyewe, chakula kikiwa kimetafunwa.

Hajaiosha tena ile sahani ya mgeni, iliyokuja na vyombo vya mama. Wiki hii ametafuta msichana wa kazi, na leo amefika, Mwihaki kutoka Moiben, mnene, mpole, mwenye adabu.

"Kazi ni gani, Mama?"

Aluoch hakumtazama usoni.

"Si nyingi," alisema. "Anza na hiyo sahani."