Mipira Saba Chini ya Dashibodi

Chakula cha mchana kilikuwa kinagawiwa kwa watu mia nne, na Leya alikuwa ameshika sahani mbili za wali, alipoona miguu ya mwanamume imetokeza kwenye mlango wa gari jekundu. Ilikuwa Columbus, kiangazi cha 2015, nje ya kanisa ambako Wakongo wa miji sita walikuwa na mkutano. Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la mwaka 1969, refu na la chini kama limelala kifudifudi.

"Kaka, gari imekumeza?"

"Bado. Kwanza inanitafuna."

Mwanamume akajivuta nje, shati jeupe la kwaya lina doa la oili kifuani. Aliitwa Semahoro, fundi wa Buffalo. Bosi wake alimtuma alipeleke gari Louisville kwa mzee aliyelinunua, naye akapitia mkutanoni. Siku moja kabla alikuwa amefungua dashibodi atengeneze kipasha joto, akachomoa mipira yote ya kupitishia hewa kwa mkupuo, akijiambia atakumbuka ilikokuwa. Hakukumbuka. Sasa mipira saba ilining'inia, yote myembamba, yote myeusi, na taa za mbele, ambazo kwenye gari hilo hujificha ndani ya boneti mpaka ziinuliwe kwa mvuto wa hewa inayonyonywa na injini, zilibaki zimefumba. Mvua ilikuwa inakuja. Bila taa asingefika.

Leya alimpa sahani moja, akapiga magoti, gauni lake la kitenge cha njano likiburura kwenye lami. Kazi yake ilikuwa kuuguza wazee huko Louisville, na kazini kwake kuna sheria moja: usiunganishe mpira wowote wa mgonjwa kabla ya kuufuata kwa vidole, kuanzia mwilini mpaka unakoishia.

"Washa mota. Halafu kaa mbali."

"Mimi nakula, dada."

Injini ikanguruma. Leya aligusa ncha ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilimnyonya kidole kwa nguvu mpaka akashtuka. Huo ulitoka kwenye injini. Alitoa plasta mkobani, akaubandikia na kuandika juu yake. Kisha akafuata mingine, mmoja mmoja, mkono umezama gizani: miwili iliishia kwenye kipasha joto, miwili kwenye kifuniko cha wipa. Miwili ya mwisho iliingia ukutani kuelekea mbele. Akamwonyesha Semahoro pa kuichomeka.

Ukasikika mvuto mrefu, kama mwimbaji anayejaza kifua. Kisha taa mbili zikainuka polepole kutoka ndani ya chuma, sawia, zikawatazama. Watu waliokuwa wakigombea soda waliziacha, wakasogea. Hapakuwa na mkono wala waya uliozivuta. Utupu tu, kitu ambacho hakipo, ulikuwa umeinua chuma. Shemasi Ferdinandi, aliyekuwa akigawa chakula, akavua kofia. Leya alihisi vinyweleo vikimsimama, na alipogeuka aseme hivyo, Semahoro hakuwa akitazama taa.

"Umesomea wapi haya?"

"Kwa wazee wanaokojoa kitandani."

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Semahoro alimpigia kila mapumziko ya kazi, akimwita cheri, mpenzi wake, akimwuliza wazee wamelalaje. Mwezi wa kumi akasema anakuja Newburg, mtaa wa Louisville, kwa Leya na mama yake.

Mama ndiye aliyefungua mlango. Semahoro alimwona, akainamisha uso, akageuka, akashuka ngazi mbio na kujibanza nyuma ya mapipa ya taka. Kutoka huko akapiga simu: hawezi kupanda, mama yuko mlangoni. Leya akatazama zulia lililochanika na mguu wa mama uliovimba, akajipa jibu mwenyewe. Akamwambia arudi kwao Buffalo. Kwa siku tisa hakupokea simu yake.

Siku ya kumi mama akauliza kijana anarudi lini.

"Yule alitukimbia, mama."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Kukimbia? Alinipisha. Kwetu milimani kijana hakutani uso kwa uso na mama wa binti kabla wazee hawajaongea. Baba yako alijitupa mtaroni na suti yake, akimpisha bibi yako, mama yangu." Kisha kicheko kikaisha. "Miaka ishirini, kambi tatu, watu wananipita kama nguzo. Huyu ameniona mimi ni mama wa mtu."

Leya alipanda basi siku hiyohiyo, akabadilisha jingine Columbus, akafika Buffalo theluji ya kwanza ikianguka. Alimkuta kwenye gereji ya Lower West Side, anakula maharage kwenye kopo.

"Nilifikiri umetudharau," alisema.

"Nilifikiri ulifundishwa mila hii."

"Na nani? Nilikulia kwenye foleni ya mahindi kambini."

Semahoro aliweka kopo chini. Alisema wazee wake wawili walikuwa tayari tangu zamani. Alisubiri tu simu ipokewe ili awatume. Leya akauliza kama kuna jambo jingine asilolijua, asije akakosea tena.

"Bon, sawa, moja. Ukiwa mke wangu hutatamka jina la baba yangu. Hata kama alibaki kule Kongo, kaburini."

"Aliitwa nani?"

"Sebineza."

Leya alifungua kinywa alirudie. Akamtazama. Akakifunga.

Semahoro alingoja. Jina halikuja. Machozi yakamtoka, akatafuta simu awapigie wazee.