Niliogopa Kicheko cha Kijiwe, Mwanangu Akalipa

Nina miaka ishirini na sita, ni fundi seremala hapa Mbalizi. Haya yalinikuta nikiwa na ishirini na tatu, nina mke, mtoto mmoja, na akili za kuku. Mnisamehe kwa lugha hii. Ningekuwa na neno baya zaidi ningejiita.

Mke wangu Neema ni mtu wa Iringa. Mwaka ule mama yake alilazwa kwa upasuaji huko kwao, na Neema ndiye binti pekee. Wodini mtoto haruhusiwi, na Atupele wetu alikuwa na mwaka na miezi miwili, ameshaacha ziwa. "Baba Atu, nakuachia wiki moja tu," Neema akaniambia. "Akisumbua mbebe mgongoni, atalala." Akanifundisha kumfunga kwa kitenge chake cha bluu.

Siku ya kwanza nikambeba kwenda kununua maziwa. Kumbe nimetenda kosa la jinai!

Njiani kwetu pana kijiwe. Wanaume wazima, wenye ndevu zao, wanaanza drafti saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia, na hapo katikati wanamhukumu kila apitaye. Mkubwa wao tulimwita Chifu. Chifu wa nini, sijui... mkewe ndiye aliyeuza vitumbua ili yeye ale! Aliponiona akaacha kete. "Shikamoo, Mama Atu! Leo unanyonyesha saa ngapi?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mwingine akasema mke amenilisha limbwata ili anitawale.

Mimi nikacheka nao. Ndiyo, nilicheka! Nilipofika nyumbani nikakivua kile kitenge, nikakisukumia uvunguni. Tangu hapo mtoto nikawa namwacha kwa jirani yetu Mama Sikujua, mwenye genge la mboga.

Siku ya nne Atupele aliamka anachemka. Alitapika maziwa yote, shingo imekakamaa, nikimgusa analia. Mama Sikujua alikuwa ameondoka alfajiri kufuata mzigo, na angerudi jioni. Hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na njia ni moja tu, mbele ya kijiwe. Bodaboda? Wenye bodaboda wenyewe ndio walikuwa wamekaa hapo!

Nikachungulia dirishani. Chifu yupo. Nikasema ngoja wapungue. Saa nne nikachungulia tena. Saa sita wameongezeka... Jamani, mnaniona? Mtoto anaungua kitandani, baba mzima yuko dirishani anawavizia wavivu waende kula!

Saa saba Neema akapiga simu. Nikamwambia mtoto ana homa kidogo, nimeshampeleka hospitali, kapewa dawa. Nilisema bila hata kigugumizi. "Ahsante, mume wangu," akajibu.

Saa tisa degedege likamkamata. Nikawa namfuta kwa kitambaa cha maji huku namwomba Mungu amlete Mama Sikujua. Mungu alishanipa miguu miwili na mgongo, mimi bado namwomba mama jirani!

Alifika saa kumi na moja. Alipomwona mtoto akapiga kelele, "Gwe! Una akili kweli? Mtoto anakufa huyu!" Akamfunga mgongoni kwa kanga yake, akatoka mbio. Na mimi? Nilimfuata hatua ishirini nyuma, mikono mfukoni, nisionekane niko nao.

Tulipopita kijiweni hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Walikuwa wanagombana kuhusu kete.

Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. Akaniuliza imeanza lini, nikasema mchana. Hata hapo nilidanganya! 

Atupele hakufa. Alikaa wodini wiki tatu, na Neema akarudi kumuuguza. Siku moja muuguzi akaangusha sinia la chuma. Watoto wote wakashtuka, wakalia. Wetu aliendelea kuchezea vidole vyake. Neema akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Akapiga tena... akapiga, akapiga, mpaka nikamshika mikono.

Jioni ile alisoma cheti cha hospitali. Akaniuliza polepole, kwa nini mtoto amepokelewa saa kumi na mbili, wakati mimi nilisema saa saba ameshapewa dawa. Nikamweleza ukweli, kwamba niliona aibu kumbeba mbele za watu.

"Aibu?" akasema. Basi, hilo tu. Tulipotoka wodini akamchukua mtoto, akaenda naye Iringa.

Miezi ikapita. Siku moja nikamfuata Chifu pale pale kijiweni, nikamuuliza kama anakumbuka aliponiita Mama Atu. Akakuna kichwa. "Mimi? Lini? Aah, utani tu bwana, sikumbuki."

Hakumbuki! Nimemharibu mwanangu kwa ajili ya maneno ambayo mwenyewe hakuyaweka kichwani hata mpaka jioni! Nikarudi nyumbani, nikakitoa kitenge uvunguni, nikapanda basi la Iringa.

Neema hajanirudia, na sina mdomo wa kumlaumu. Ila kila mwezi ananiruhusu niende kumwona mtoto. Atupele sasa ana miaka minne, miguu inaning'inia, lakini namfunga kwa kitenge kile kile na kupita naye sokoni mchana kweupe. Wapo wanaocheka. Wacheke mpaka meno yakauke!

Wewe kijana unayenisoma, unawaogopa akina nani? Wale wasio na kazi? Ukiuguliwa hawaji, na ukifiwa wanauliza chakula kiko wapi! Usiwape watu wa namna hiyo mtoto wako, wala ndoa yako, kama mimi mpumbavu nilivyowapa. Mbebe wako, pita.

Mimi sasa nasemwa Mbalizi, nasemwa Iringa, wala sijali. Atupele hatasikia hata neno moja la watu. Lakini kila nikimbeba namwambia, "Nisamehe, mwanangu." Namwambia kwa sauti, watu wakigeuka kutazama... naye ameegemeza shavu mgongoni kwangu, hasikii.