Kikopo cha Mwokaji Mikate

Jirani muuza mkaa alidai ameona kwa macho yake. Mwanamume mmoja aliyetoa mbegu zake za kiume kwenye kikopo, kule jengo la utafiti nyuma ya hospitali, alipita kwa baiskeli mbele ya kibanda chake jua la alasiri likiwaka. Kivuli cha baiskeli kilipita ukutani. Cha mwenye baiskeli hakikupita.

"Shoga, baiskeli ilikuwa inajiendea yenyewe," alimwambia mke wa mwokaji, huku akimpimia mkaa. "Wale watu wa vikopo hawachukui mbegu tu."

Muuza mkaa alijulikana kwa kutia chumvi. Hata hivyo mke wa mwokaji alirudi nyumbani mwili ukimsisimka. Mumewe alikuwa amepeleka kikopo chake asubuhi ileile, na mke ndiye aliyembembeleza aende.

Waliishi miaka mingi bila mtoto. Mama mkwe hakugomba. Afadhali angegomba. Kila wiki alifua nguo za kitoto alizozishona mwenyewe, akazianika kambani, zikacheza hata siku zisizo na upepo. Kisha kwa upole alimwambia mkwewe kwamba mwezi ukiisha, arudi kwao.

Jioni alimpelekea mumewe chakula bekari. Mumewe alikuwa shimoni. Ndivyo walivyofanya kazi pale: mchomaji husimama ndani ya shimo, mdomo wa tanuri umfike kiunoni, atoe mikate bila kuinama. Mke akatazama ukutani. Kivuli kilikuwepo, lakini kilikatika kiunoni. Alijua shimo ndilo lililokikata. Alijua, na bado alikitazama tena.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili, na mama wa maabara alimwambia mke aweke jicho kwenye darubini. Aliona duara la mwanga, kimya. Vitu vichache vyenye mikia vilijikokota. Vingine vilizunguka palepale. Vingine vimelala tu, kama soko lililokimbiwa na watu.

"Mmezifanya nini?" aliuliza.

"Hatukuzifanya kitu, dada. Zimekuja hivi. Tukishazihesabu, tunaziteketeza."

Mwokaji alisema yeye nguvu zake ni kamili.

"Nguvu ni habari nyingine, kaka. Bunduki inaweza kulia bila risasi."

Daktari alimpima akakuta mishipa ya juu ya korodani ya kushoto imevimba, ukiigusa kama minyoo ndani ya mfuko. Mama wa maabara akaeleza taratibu. Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi. Mishipa ikivimba, damu hutuama na kuzipasha joto. Joto la tanuri likiongezeka juu yake, mbegu hudhoofika. Upasuaji ni mdogo, na wengi husaidika, ingawa si wote. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Mke naye alipimwa. Hakuwa na tatizo. Ndiyo maana, alisema yule mama, mume na mke wapimwe wote wawili, kwani mara nyingi tatizo liko kwa mwanamume pia.

Mwokaji alimwomba mama yake muda, bila kusema wa nini. Alipasuliwa. Aliacha shimo, akahamia meza ya kukandia unga. Kipimo cha pili kilionyesha duara limejaa, kila kitu kinakimbia. Baadaye mkewe akapata mimba.

Mama mkwe alitangaza mtaa mzima kwamba dawa za mizizi alizomnywesha mkwewe ndizo zilizomfungua tumbo. Mwokaji alisikia, akatabasamu.

Shimoni sasa alisimama mdogo wake, aliyeoa juzijuzi. Na mama mkwe alikwishaanza kumtazama tumbo yule bibi harusi, kwa upole uleule.

Mke alimfuata mumewe mezani.

"Mwambie mama kwamba ugonjwa haukuwa kwangu," alisema. "Mwambie mdogo wako akiwepo, asikie."

Mwokaji alinyunyiza unga mezani. Akavuta donge jingine, akaanza kukanda.