Kofia Iliyoshinda Upepo

Maiti ya mzee Hidaka Nobuyuki ilikuwa imelala chali juu ya mwamba bapa, chini ya genge la Kurobana, miguu ikioshwa na mawimbi. Wavunaji wa mwani waliiona ukungu ulipopasuka kidogo, wakapiga simu polisi. Wakaambiwa mke wa marehemu amekwisha kupiga.

Inspekta Iwabuchi Tokuji alifika wakati waokoaji wanampandisha marehemu kwa kamba. Alikuwa mzaliwa wa pwani hiyohiyo ya Sanriku, mtu mzima mwenye goti bovu, na hakuwa na desturi ya kutumia maneno mawili pale ambapo moja lingetosha.

"Afande, leo hata pua yangu siioni," alisema Sajenti Oikawa, msaidizi wake, mwanamke kutoka bara mwenye ulimi mwepesi. Alionyesha kibao kando ya barabara. "Na hapa wameandika 'Mandhari Bora.'"

"Ni yamase. Upepo wa mashariki. Ukianza, huleta ukungu na baridi siku kadhaa."

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa karibu na uzio mfupi wa mbao. Ndani yake alikaa mwanamke mwembamba mwenye mvi, kajifunika blanketi la waokoaji. Jina lake Sumie.

"Pole sana, mama. Mimi ni Inspekta Iwabuchi. Hebu nieleze ilivyokuwa."

"Tuko matembezini, mimi na mume wangu. Tumetoka Nagano, tunafuata barabara ya pwani. Tukasimama kutazama bahari."

"Halafu?"

"Upepo ukachukua kofia yake, ikaruka uzio. Akavuka kuifuata, akateleza."

"Ulimwona akianguka?"

"Nilimwona."

"Ulipiga kelele?"

Alifikiri. "Sikumbuki."

Iwabuchi akamshukuru, akaenda kusimama kwenye uzio. Waokoaji walikuwa wameikuta kofia ikielea kwenye maji, hatua chache kutoka kwa marehemu. Inspekta akatoa karatasi laini mfukoni, akanyoosha mkono juu ya uzio, akaiachia. Karatasi ikaruka juu ya kichwa chake, ikaenda kunasa kifuani kwa Oikawa.

"Afande, mimi si pipa la taka."

"Rudia wewe."

Sajenti akarudia. Karatasi ikaruka hadi kwenye kioo cha gari la polisi. Oikawa akaacha kutabasamu.

"Upepo unatoka baharini," alisema polepole. "Basi kofia ilifikaje kule chini?"

"Ama ilitupwa, ama ilikwenda na mwenyewe. Na kuna jingine. Unaona bahari?"

"Naona pamba tupu."

"Ndiyo. Walisimama kutazama nini?"

Ng'ambo ya uzio, upande wa bahari, kwenye udongo ulioloa, mafundi wa eneo la tukio walikuta alama mbili za visigino zilizochimba na kuburuzika kuelekea ukingoni. Ncha za viatu zilielekea barabarani. Anayekimbilia kofia hatangulizi visigino.

Daktari wa uchunguzi wa maiti naye hakuzungusha maneno. Fuvu lilikuwa limevunjika kisogoni. Uso ulikuwa mzima, na viganja havikuwa na mchubuko.

"Mtu akianguka kifudifudi hutanguliza mikono," alisema. "Huyu hakutanguliza kitu. Bahari ilikuwa mgongoni mwake."

"Kulewa?"

"Alikunywa chai na supu ya miso. Basi."

Ikabaki sababu, na sababu ndiyo iliyowapa kazi. Polisi wa Nagano waliuliza mtaani kwa akina Hidaka, wakajibiwa kwamba wenzi wale hawajapata kugombana. Bwana alikuwa ofisa mkubwa mstaafu, mtu wa neno moja. Kila mwaka alimtembeza mkewe, kusini, magharibi, visiwani. Walikuwa na binti mmoja, Chinatsu. Alikufa mwaka wa wimbi kubwa la tsunami.

"Alifia wapi?" Iwabuchi aliuliza.

Oikawa alitazama simu yake. "Otoura, afande. Kijiji kile kilicho chini ya kona ya barabara. Ndiko walikolala jana."

Mwenye nyumba ya wageni ya Otoura alikuwa Bi. Usui Toki, mjane mwenye mikono mikubwa myekundu. Walimkuta jikoni akisafisha ngisi, na hakuacha kisu.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Kaeni. Wewe binti, usiegemee hapo, kuna mafuta."

"Akina Hidaka walifika kwako kwa bahati tu?" Iwabuchi aliuliza.

"Bahati gani? Mama yule ndiye aliyepanga safari. Mumewe miaka yote alikataa kuja upande huu. Safari hii akakubali, sharti waende kutazama mandhari, si kulia. Walipokwisha kula, mume akaenda kuoga. Maji yetu ya moto ni matamu, mtu hukaa. Mama akaja hapa na picha. Akaniuliza, 'Unamjua huyu?'"

"Ukamjua."

"Ningeachaje? Chinatsu alikuwa mfanyakazi wangu. Akiimba vibaya kuliko kunguru, lakini akiimba." Kisu kikasimama. "Siku ya wimbi tulikimbilia juu, yeye akarudi chini kumbeba bibi wa jirani. Hatukuwaona tena, wote wawili."

"Ukamwambia mama yake hivyo?"

"Nilimwambia. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini mimi nilikuwa na donge, afande. Nikamwuliza, 'Mama, mbona ulimfukuza mwanao?'"

Oikawa aliacha kuandika. "Kumfukuza?"

"Chinatsu aliolewa na mtu ambaye baba hamtaki. Ndoa ikavunjika. Kabla ya Mwaka Mpya akapanda treni kwenda kwao kuomba radhi. Baba akamkuta langoni. Akamwambia, 'Mama yako hataki kukuona. Amesema hana mtoto.' Chinatsu akageuza njia. Alirudi hapa na theluji mabegani. Majira ya kuchipua hayajafika, bahari ikapanda."

"Na mama yake hakujua."

"Uso wake ulikuwa kama ubao. Aliniuliza neno moja tu: siku ile langoni mwanangu alikuwa amevaa koti? Nikamwambia alikuwa nalo. Akashika kitambaa, akanisaidia kukausha vyombo."

Jioni hiyo, kwenye chumba cha mahojiano, Iwabuchi alimweleza Sumie haki yake ya kunyamaza. Akamweleza pia habari ya visigino na kisogo.

"Na upepo, mama. Yamase haichukui kitu nchi kavu ikakipeleka baharini. Hukileta."

"Mimi ni mtu wa milimani," alijibu. "Sikulijua hilo."

"Kofia ilifikaje chini?"

"Alikuwa ameivua, kaishika mkononi."

"Nani alitaka msimame pale?"

"Mimi. Nilimwambia nasikia kichefuchefu. Tulivuka uzio kana kwamba nataka kutapika, nikamwuliza, Chinatsu alikuja nyumbani?"

"Akakana?"

"Hapana. Angekana, huenda ningemwamini. Ndivyo nilivyozoea." Alikuwa akitazama mikono yake. "Alisema, ndiyo, alikuja. Alitaka Chinatsu aonje ukali wa dunia kwanza, halafu angemwita mwenyewe. Nilikuwa jikoni, Inspekta. Siku ile nilikuwa jikoni, nachemsha maharagwe ya Mwaka Mpya. Kutoka jikoni hadi langoni ni mwendo wa kuita tu."

"Ndipo mkagombana."

"Hatujui kugombana, sisi. Alisema, 'Hayo yamepita, Sumie. Ingia garini, tutachelewa chakula cha mchana.'"

Oikawa aliinamisha kichwa juu ya karatasi.

"Nikamsukuma. Kwa mikono yote miwili, kifuani. Nilidhani atakuwa mzito."

"Kwa nini hukusema kweli asubuhi?"

"Sikuogopa jela. Nilitaka nirudi kwa Bi. Toki, nilale chumba alichokuwa akilala. Hata usiku mmoja." Akamtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Mwanangu alikufa akiamini ni mimi niliyemkataa. Mume wangu nimemwuliza, akanijibu. Yeye nitamjibu wapi?"

Maelezo yalipochapwa, Iwabuchi alimsomea yote kwa sauti ileile, kama sheria inavyotaka, kuanzia waliposimamisha gari hadi simu ya polisi.

"Kuna cha kubadilisha?"

"Kimoja. Mmeandika 'binti yao.'"

"Ndiyo."

"Andika 'binti yangu.'"

Inspekta akachukua kalamu, akafuta, akaandika juu yake, akamsogezea karatasi atie sahihi.