Jiwe Lililokataa Kuingia Kwenye Kiberiti

Ndugu zangu wa huku mlimani, na hasa ninyi wanawake wenzangu, wekeni majembe chini kidogo mnisikilize. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne la shule ya misheni. Lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu, na nina mabinti.

Mwaka ule kahawa ilizaa hadi matawi yakainama. Kwa jirani yangu Aminiel, kila asubuhi mke wake Eunike alitandaza kahawa kwenye vichanja huku akiimba pambio la kanisani, na Mlima Meru ukionekana wazi hadi kileleni. Baba mkwe wake, Mzee Kaanaeli, aliketi papo hapo kwenye kigoda, akifukuza kuku. Nyumba tulivu kabisa. Nani angedhani?

Mume na mke, wote wawili walikuwa na ugonjwa wa sukari; walipimwa mjini Arusha. Tena Aminiel aliwahi kuugua mawe ya figo. Siku ile alilia ubavu hadi sisi wa ng'ambo ya mfereji tukasikia. Wanaume wakambeba kwa machela hadi barabarani, akapelekwa hospitali kwa lori. Jiwe likatoka na mkojo, dogo kama punje ya mtama. Akalitia ndani ya kiberiti kitupu, na kila mgeni alionyeshwa.

"Tazama," alikuwa akisema, "hili limemtoka mwanamume. Halafu ninyi wanawake mnajivunia uchungu wa kuzaa!"

"Basi lipeleke likabatizwe," Eunike alimjibu siku moja, "maana unalipenda kuliko wanao."

Tulicheka sana, na Aminiel mwenyewe akacheka.

Sasa sikilizeni. Mwenye sukari ana kiu, na akinywa, haja ndogo haimpi nafasi. Nanyi mnaijua desturi yetu: mke haoni vizuri kuinuka kwenda migombani huku baba mkwe anamtazama. Mara moja, sawa. Kila saa, ni fedheha. Kwa hiyo Eunike akaacha kunywa maji mchana kutwa, na jua lile la vichanjani.

"Mama Elifuraha, kunywa basi, midomo imekupasuka," nilimwambia Eunike.

"Ninywe, halafu nipite tena mbele ya mzee? Afadhali kiu. Kiu haionekani."

Mavuno yalipokwisha, ubavu ukamshika. Maumivu yakashuka hadi kinenani, akatapika nyongo. Nikamfuata Aminiel.

"Shemeji, si ndiyo haya haya yaliyokushika wewe? Mpeleke mjini."

"Aa, shemeji! Mawe ni ugonjwa wa wanaume. Huyu ana chango la kike tu. Mama atamchemshia mizizi."

Mama mkwe akachemsha, Eunike akanywa bila kubisha. Damu ilipoonekana, wakasema ni ya mwezi. Mwenyewe alijua inatoka na mkojo, lakini ataanzaje kulitaja neno hilo mbele ya wakwe? Alininong'oneza mimi. Nikarudi tena kwa Aminiel, akaniambia mambo ya nyumba yake niyaache.

Ndipo homa ikaja. Eunike akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta, akaanza kuita watu waliokufa zamani. Hapo Aminiel akakimbilia lori.

Daktari alimpima, akamgeukia mume. "Wewe unayajua maumivu haya. Mbona hukumleta mapema?"

"Bwana Daktari, yeye ni mwanamke."

"Ana figo kama wewe. Ni kweli, wanaume ndio wanaokuja kwangu kwa wingi na mawe. Lakini mwili ukishaingiwa na sukari, usimhesabu mwanamke kuwa yuko salama."

Walimpasua, jiwe likatolewa. Lakini usaha ulikuwa umekwisha kuingia kwenye damu. Eunike hakuamka.

Baada ya mazishi tuliwakuta jamaa wamekaa sebuleni. Aminiel alitoa mfukoni jiwe alilopewa hospitali, limefungwa kwa kitambaa. Akachukua kile kiberiti chake, akajaribu kulitia. Halikuingia. Akalisukuma kwa kidole gumba hadi kiberiti kikapasuka, na lile lake dogo likaanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kulitafuta.

FUNZO

Maumivu hayaulizi huyu ni mume au mke. Enyi waume, maumivu yaliyowafanya ninyi mbebwe kwa machela, msiyaite chango yakiwashika wake zenu. Enyi wakwe, heshima si mkwe wenu akae na kiu. Kigoda kinaweza kuhamishwa. Nasi wanawake, hasa wenye sukari, tunywe maji, na damu ikionekana kwenye mkojo tuseme, hata kama tutaona haya.

Binti yangu Hanna ameolewa Kikatiti, naye juzi amepimwa akakutwa na sukari. Nilikwenda kwa miguu yangu hadi kwa wakwe zake, nikawaamkia, nikaomba maji ya kunywa. Nikampa yeye kikombe mbele yao wote, nikamwambia, "Kunywa, mwanangu. Ukibanwa, inuka uende."